Edmund Haynes Taylor, Jr.

Edmund Haynes Taylor, Jr. (12 Februari 1830 – 19 Januari 1923) alikuwa mfanyabiashara, mtengenezaji wa wiski na mwanasiasa wa jimbo la Kentucky nchini Marekani. Anakumbukwa hasa kwa mchango wake katika kupatikana kwa sheria ya mwaka 1897 iitwayo Bottled-in-Bond, iliyompa mnunuzi wa wiski njia ya kujua kilichomo ndani ya chupa bila kumtegemea muuzaji. Wengi walimwita Kanali Taylor.

Maisha ya awali

Alizaliwa Columbus, Kentucky. Baba yake alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Kwa muda alilelewa Louisiana na jamaa yake Zachary Taylor, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani, kisha akachukuliwa na mjomba wake mjini Frankfort. Mjomba huyo naye aliitwa Edmund Haynes Taylor, na ndiyo maana kijana aliongezewa "Jr." kwenye jina lake ingawa hakuwa mwanawe wa kumzaa.

Mjomba alikuwa mtu wa benki, na kijana akaanzia kazi huko huko. Benki za Kentucky zilikopesha sana wenye viwanda vya wiski, hivyo Taylor alizijua hesabu za biashara hiyo kabla hajaingia mwenyewe. Alimwoa Frances Johnson, wakapata watoto kadhaa.

Kiwanda cha O.F.C. na kufilisika

Katika miaka ya 1860 alisafiri Ulaya kutazama jinsi wenzao wa huko walivyokeneka pombe. Karibu na mwaka 1870 alinunua kiwanda kidogo kando ya mto Kentucky, karibu na Frankfort, akakiita O.F.C. Alitumia fedha nyingi mno: matangi ya shaba ya kuchachushia, maghala yaliyopashwa joto kwa mvuke, na mapipa yenye pete za shaba iliyong'arishwa ili yaonekane tofauti dukani. Wiski ilisifiwa, lakini madeni yalimshinda. Mwaka 1878 kiwanda kiliingia mikononi mwa George T. Stagg, mfanyabiashara wa St. Louis, na Taylor akabaki humo kama mshirika mdogo. Mwaka 1882 radi ilikipiga kikaungua, kikajengwa upya.

Hatimaye wawili hao waliachana, na kampuni ya Stagg ikaendelea kulitumia jina la Taylor sokoni. Taylor alienda mahakamani, na kesi hiyo ilifika Mahakama ya Rufani ya Kentucky. Kwake halikuwa jambo dogo: saini yake ilikuwa ndiyo alama ambayo wateja waliitambua.

Mwaka 1887, yeye na wanawe walifungua kiwanda kipya cha Old Taylor huko Millville. Jengo lake ni la mawe ya chokaa lenye umbo la ngome ya Ulaya, na ndani yake mna bustani na chemchemi iliyozungushiwa nguzo. Wageni walifika kwa treni, wakatembezwa kila mahali. Mtu aliyetaka kuficha namna anavyotengeneza bidhaa yake asingejenga mahali pa namna hiyo.

Sheria ya 1897

Wakati huo wiski nyingi iliuzwa kwa pipa. Mwenye duka au baa alijaza chupa mwenyewe, na kati yake na kiwanda walikuwepo wachanganyaji. Hao walinunua spiriti tupu isiyokaa kwenye pipa hata siku moja, wakaitia rangi kwa sukari iliyoungua, maji ya plamu kavu au hata tumbaku, kisha wakaiuza kama bourbon ya miaka mingi. Tangu 1870 George Garvin Brown wa Louisville alikuwa akiuza wiski yake ya Old Forester katika chupa zilizofungwa tu, lakini hilo lilimlinda mteja wake yeye peke yake.

Taylor alishirikiana na John G. Carlisle, waziri wa fedha aliyetoka pia Kentucky. Muswada ulitiwa saini na Rais Grover Cleveland tarehe 3 Machi 1897, siku moja kabla ya kuondoka madarakani. Wiski iliyotaka kuitwa "bonded" ilipaswa kutoka kiwanda kimoja na msimu mmoja, ikae angalau miaka minne katika ghala linalosimamiwa na serikali, na ifungashwe ikiwa na nusu ya ujazo wake alkoholi, bila kuongezwa kitu isipokuwa maji. Juu ya kizibo ulibandikwa mkanda wa kijani wa serikali ulioonyesha lini ilitengenezwa na lini iliingia chupani.

Si haki kumchora Taylor kama mtetezi wa wanyonge tu. Sheria iliwafaa wenye viwanda vikubwa kama yeye, waliokuwa na mtaji wa kuacha mapipa yalale miaka minne, na iliwaumiza wachanganyaji, miongoni mwao wapo waliofanya kazi kwa uaminifu. Hata hivyo ilikuja miaka tisa kabla ya sheria ya jumla ya Marekani ya usafi wa vyakula na dawa, ya 1906.

Mkanda wa kijani uliondolewa katika miaka ya 1980, lakini masharti yamebaki. Bourbon yoyote lazima itengenezwe Marekani, angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi, na ikae katika pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Inaweza kuuzwa ikiwa na alkoholi asilimia 40 tu. Yenye maneno Bottled-in-Bond ina asilimia 50, umri wake haupungui miaka minne, na kibandiko hutaja kiwanda kilichoikeneka. Kwa hiyo hadi leo maneno hayo humsaidia zaidi mnunuzi mwenye fedha kidogo: chupa za bei ya chini kama Evan Williams yenye kibandiko cheupe au Old Grand-Dad Bonded hufuata masharti yale yale ya chupa za kifahari. Ajabu ni kwamba bourbon inayoitwa Colonel E. H. Taylor sasa ni miongoni mwa zile ghali na adimu madukani.

Siasa na miaka ya mwisho

Taylor alikuwa meya wa Frankfort kwa jumla ya miaka 16, kuanzia 1871, na alikaa katika mabaraza yote mawili ya bunge la Kentucky. Uzeeni alifuga ng'ombe wa aina ya Hereford. Mwaka 1920 pombe ilipigwa marufuku nchini kote na Old Taylor kikafungwa. Alifariki akiwa na miaka 92, marufuku hiyo ikiwa bado na miaka kumi mbele yake.

Kiwanda cha O.F.C. kinaitwa leo Buffalo Trace. Ngome ya Millville iliachwa ikawa gofu kwa miongo kadhaa, ikakarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2018 kwa jina la Castle & Key; jina la Taylor lenyewe ni mali ya kampuni inayomiliki Buffalo Trace.