Allidina Visram: Tajiri wa Mombasa aliyelitangulia soko

Kabla Afrika Mashariki haijapata soko la hisa, bei za pembe za ndovu, ngozi na pamba zilipanda na kushuka kama maji ya bahari. Allidina Visram, aliyeifanya Mombasa kuwa makao makuu ya biashara yake, alidumu katika soko hilo kwa takriban nusu karne. Siri yake haikuwa bahati, bali nidhamu.

Alizaliwa mwaka 1851 huko Kutch, India, akawasili Bagamoyo mwaka 1863 angali mvulana. Alijifunza kazi chini ya Sewa Haji Paroo, tajiri wa misafara. Msafara ulichukua miezi mingi bara, na bei ya pembe ingeweza kuanguka kabla wapagazi hawajarejea pwani. Asiye na subira wala akiba hakuyaweza hayo.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897, wakati reli ilikuwa imeanza kujengwa kutoka kisiwani Mombasa kuelekea bara. Allidina hakungoja treni ifike Kisumu mwaka 1901 ndipo aende Uganda. Alitangulia, akafungua maduka njiani na kando ya Ziwa Victoria.

Hakuitegemea bidhaa moja. Pamoja na pembe alinunua ngozi na pamba, akaanzisha viwanda vya kuchambua pamba, kukamua mafuta na kutengeneza sabuni. Bidhaa moja ilipodorora, nyingine ilimbeba. Aliwapa wafanyabiashara wachanga bidhaa kwa mkopo, kisha akanunua mazao waliyokusanya vijijini. Palipokosekana benki, maduka yake yalitumika kuhifadhi na kupeleka fedha.

Hata hivyo, mkopo ni mali iliyo mikononi mwa wengine. Mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka ipatayo 65, Allidina alipatwa na homa katika safari ya kibiashara huko Kongo, akafariki dunia.

Mwanawe, Abdulrasul, alijenga kwa kumbukumbu yake shule ambayo hadi leo yaitwa Allidina Visram, kisiwani Mombasa, mwendo mfupi kutoka Mji wa Kale. Lakini nyakati zilikuwa zimegeuka. Bei za mazao ziliporomoka duniani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, nayo rupia ikaondolewa: florini iliingia mwaka 1920, kisha shilingi mwaka 1921. Abdulrasul naye alifariki mwaka 1923, na himaya hiyo ikasambaratika katika muongo huohuo.

Wahenga walionya kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Maisha ya Allidina yanaongeza onyo jingine kwa wanaocheza na bei za hisa na sarafu siku hizi: nidhamu inayokaa katika kichwa cha mtu mmoja huzikwa pamoja naye.