Gandhi, mgeni mlangoni pa hekalu

Maji ya Mto Kuja, ambao huupokea Mto Migori kabla ya kumwagika Ziwa Victoria huko Nyatike, na yale yanayopiga ufuo wa Homa Bay, hayana mlango mwingine wa kutokea ziwani isipokuwa Jinja, nchini Uganda. Hapo, Mto Nile unapoanzia, ndipo sehemu ya majivu ya Mohandas Karamchand Gandhi ilipomwagwa mwaka 1948. Wahindu wa Afrika Mashariki huzuru mahali hapo kwa heshima, ingawa hayati mwenyewe hakupata kukaribishwa vyema katika kila mahali patakatifu pa dini yake.

Gandhi alizaliwa Oktoba 2, 1869, mjini Porbandar, katika pwani ya Gujarat, jimbo walikotoka wengi wa wenye maduka waliokuja kutapakaa katika miji ya Nyanza. Mwaka 1888 alipoazimia kwenda London kusomea sheria, wakuu wa tabaka lake walimkataza, kwa kuwa kuvuka bahari kulihesabiwa kuwa unajisi. Alikwenda, nao wakamtenga. Miaka mitano baadaye, akiwa safarini kuelekea Afrika Kusini, meli yake ilipitia Lamu, Mombasa na Unguja. Lamu nusura imwache.

Mwaka 1902, akiwa amerejea India kwa muda, alipanda behewa la daraja la tatu hadi Benares, mji mtakatifu ulio kando ya Mto Ganges. Alioga mtoni na kutimiza ibada kama hujaji yeyote, kisha akaelekea hekalu la Kashi Vishwanath. Alitarajia utulivu. Badala yake alikuta kichochoro chembamba chenye utelezi, mainzi, kelele za wachuuzi, na maua yaliyooza mlangoni. Alipotoa sadaka ya sarafu moja ndogo kabisa, mhudumu alighadhibika, akaitupa na kumtishia jehanamu. Gandhi aliiokota, akaanza kwenda zake. Mhudumu, alipoona hata hicho kidogo kinamponyoka, alimwita arudi akaichukua. Kisa hicho kinachekesha, lakini kilimuuma Gandhi sana. Alipozuru tena miaka ya baadaye, tayari akiitwa Mahatma, umati uliotaka kumtazama haukumpa nafasi ya kulitazama hekalu.

Uchungu zaidi ulimpata mwaka 1925 huko Kanyakumari, ncha ya kusini ya India. Wakati huo kiongozi wa mamilioni, alizuiwa kuingia ndani ya hekalu kwa sababu ileile ya ujana wake: alikuwa amefika Uingereza. Wanaomkumbuka kwa kupinga ukoloni tu husahau kwamba vita vyake vingine vilikuwa mlangoni pa mahekalu, akiwatetea wale waliohesabiwa najisi tangu kuzaliwa na kufungiwa nje maisha yao yote. Novemba 1936 mtawala wa Travancore alitangaza kwamba mahekalu ya serikali yake yafunguliwe kwa Wahindu wote. Januari 1937 Gandhi alirudi Kanyakumari na kuingia, akiwa pamoja na hao waliokuwa wamekatazwa.

Aliuawa kwa risasi Januari 30, 1948, mjini Delhi, akielekea kwenye sala ya jioni. Majivu yake yaligawanywa katika mito mingi. Sanamu yake ya Jinja ilizinduliwa mwaka 1997 na Waziri Mkuu wa India wa wakati huo, I. K. Gujral, nayo iliwekwa katika bustani ya wazi kando ya maji.