William Coolidge na Metali Isiyopindika

Ukienda kupalilia mikorosho huko Mkunya, wilayani Newala, au katika shamba lolote lile, unashika jembe la chuma. Mhunzi hukipasha chuma moto mpaka kiwe chekundu, kisha hukigonga kwa nyundo nacho hukubali umbo analotaka. Lakini iko metali moja iliyowashinda mafundi kwa miaka mingi. Metali hiyo huitwa tangisteni. Sasa soma habari za mtu aliyeweza kuifua.

William Coolidge alizaliwa mwaka 1873 katika mji mdogo wa Hudson, Marekani. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha viatu na kulima shamba dogo. William alianza masomo katika shule yenye chumba kimoja tu. Wakati fulani aliacha shule akaenda kufanya kazi katika kiwanda cha mpira, lakini baadaye alirudi. Alisoma kwa bidii hata akapata shahada ya udaktari wa sayansi mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1899.

Mwaka 1905 Coolidge aliajiriwa katika maabara ya kampuni ya General Electric, mjini Schenectady. Wakati huo ulitafutwa waya wa kutiwa ndani ya globu za umeme, uwezao kung'aa sana bila kuyeyuka. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Tangisteni huyeyuka kwenye nyuzi 3,422, na hakuna metali nyingine iwezayo kufikia kiasi hicho. Ila ilikuwa na kasoro moja: ilivunjika upesi kama kigae.

Coolidge na wasaidizi wake walijaribu, wakashindwa, wakajaribu tena. Waligandamiza unga wa tangisteni ukawa kipande kigumu. Walikipasha moto na kukigonga mara nyingi, kisha wakakivuta kupitia matundu, kila tundu likiwa dogo kuliko lililotangulia. Kadiri walivyoendelea, walipunguza joto kidogo kidogo. Mwaka 1910 walikuwa wamepata waya mwembamba unaopindika hata ukiwa baridi.

Mwaka 1913 Coolidge alitumia tangisteni kutengeneza bomba jipya la eksirei, ambalo liliwasaidia sana madaktari kuona mifupa iliyovunjika. Alifariki mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 101.

Kazi ya tangisteni haikuishia hapo. Jua hutoa joto kwa sababu viini vya haidrojeni ndani yake huungana na kuwa heliamu. Huko Cadarache, Ufaransa, mataifa mengi yanajenga mtambo uitwao ITER, ili kujaribu muungano wa namna hiyo hapa duniani. Gesi yenye joto kali mno itazuiwa kwa nguvu za sumaku, na sehemu za mtambo zitakazopokea joto jingi zitafunikwa kwa tangisteni. Lakini ile kasoro ya zamani ingalipo. Joto kali na chembe zitokazo katika gesi hiyo huweza kuipasua tangisteni, na wanasayansi wangali wanatafuta njia ya kuizuia isipasuke.

Mawe yenye tangisteni huchimbwa hata kwa jirani zetu wa Rwanda. Labda wewe, usomaye somo hili leo, utashiriki siku moja katika kazi aliyoianza Coolidge.

Maswali
1. Kwa nini tangisteni ilifaa kwa waya wa globu?
2. Eleza jinsi Coolidge alivyoshinda kasoro yake.
3. Kazi ya Coolidge inafanana vipi na kazi ya mhunzi?