Fanny Crosby: Asiyeona Aliyekataa Kunung'unika

Kamati iliponiomba niandike maisha ya mtunzi mmoja wa nyimbo kwa ajili ya kijitabu hiki cha Yubile yetu ya miaka 25, nilianza kwa kufungua vitabu vya kumbukumbu za mikutano yetu. Nilikuwa nikitafuta historia. Nilichokutana nacho kwa wingi ni manung'uniko: sare imechaguliwa bila watu kuulizwa, sauti ya tatu inafunikwa, kila wimbo unaongozwa na mtu yule yule, gari lilichelewa, chai haikutosha. Kuna mwaka mmoja ambapo Mengineyo yalijaza kurasa nyingi kuliko ajenda nyingine zote. Mwaka huo huo waimbaji wanane waliacha kuja mazoezini. Hakuna aliyewafukuza, walichoka tu. Na nikisema ukweli mbele za Mungu, baadhi ya maneno yaliyowachosha yalitoka kinywani mwangu.

Ndiyo sababu nimemchagua Fanny Crosby. Wengi wetu hatulijui jina lake, lakini tumeimba maneno yake tangu Sunday School. Wimbo wa Usinipite Mwokozi, tunaouimba ibadani na hata kwenye matanga, ulitungwa na mama huyu.

Frances Jane Crosby alizaliwa tarehe 24 Machi 1820, katika kijiji kimoja cha jimbo la New York, Marekani. Alipokuwa na wiki sita hivi macho yake yaliugua. Mtu aliyemtibu alimwekea dawa ya kukanda yenye moto, na familia iliamini mpaka mwisho kwamba dawa hiyo ndiyo iliyomharibu macho. Wataalamu wa siku za karibuni wamefikiri kwamba huenda alizaliwa hivyo, lakini Fanny alikua akijua kwamba kuna mtu wa kulaumiwa. Mwaka huo huo baba yake alifariki. Mama yake, akiwa bado msichana wa miaka ishirini na kidogo, akaenda kufanya kazi za nyumbani kwa watu, na mtoto akabaki na nyanya yake.

Nyanya huyo, Eunice, alikuwa mwalimu bila cheti. Alimweleza mjukuu wake rangi za maua, sauti za ndege na jinsi jua linavyochwea, hata mtoto akaijua dunia kwa maneno. Alimsomea Biblia, na Fanny akaishika kwa moyo. Kabla ya kufika miaka 15 alikuwa amekariri vitabu vitano vya Musa, Injili zote nne, Mithali na zaburi nyingi. Alipokuwa na miaka mitano mama yake alimpeleka mjini New York kwa daktari bingwa, na jibu likawa kwamba hakuna tiba. Miaka michache baadaye, bado mtoto mdogo, alitunga shairi fupi la kusema kwamba yeye ana furaha, na kwamba hatakaa akilia kwa sababu haoni.

Tusidhani kwamba maneno hayo ya utotoni yalimaliza kazi. Mwaka wa 1835 alijiunga na shule ya wasioona mjini New York. Alisoma hapo, kisha akawa mwalimu hapo hapo, akifundisha sarufi ya Kiingereza na historia hadi mwaka wa 1858. Mwaka wa 1849 kipindupindu kiliingia mjini. Wengi walikimbia, yeye akabaki kuwauguza wagonjwa, na baadhi ya wanafunzi wa shule walikufa. Baada ya hapo alipatwa na huzuni nzito. Aliijua Biblia kwa moyo, lakini moyo wenyewe ulikuwa umepoa. Ilikuwa tarehe 20 Novemba 1850, katika mkutano wa uamsho, ndipo alipojitoa kwa Bwana kikamilifu. Alikuwa na miaka 30.

Kuna jambo la miaka ya 1840 ambalo ningependa kila mwanakwaya alishike. Fanny alikwenda Washington pamoja na wenzake wa shule, akasimama mbele ya wabunge wa Marekani na kuwasomea mashairi yake, kutetea elimu ya watoto wasioona. Je, huko si kulalamika? Hapana. Alilipeleka jambo mbele ya watu walio na uwezo wa kulirekebisha, akalisema waziwazi, kwa heshima, na kwa niaba ya wengine. Manung'uniko hufanya kinyume: husemwa pembeni, kwa mtu asiyeweza kusaidia, huku anayehusika hayupo.

Mwaka wa 1858 aliolewa na Alexander van Alstyne, mwanamuziki ambaye naye hakuwa anaona. Walipata mtoto mmoja, akafa angali mchanga. Fanny hakulizungumzia jambo hilo sana maishani mwake. Lakini mwaka wa 1868 mwanamuziki William Doane alifika nyumbani kwake na tuni mpya, akiwa karibu kupanda gari la moshi. Fanny alisikiliza, akaenda chumbani, na kwa muda wa nusu saa hivi akarudi na maneno ya wimbo juu ya usalama mikononi mwa Yesu. Wimbo huo umewafariji akina mama wengi waliozika watoto. Ulitungwa na mama aliyekuwa amezika wake.

Usinipite Mwokozi ni wa mwaka huo huo, na tuni yake pia ni ya Doane. Inasimuliwa kwamba Fanny alikuwa amekwenda kuhudumu gerezani, na katikati ya ibada mfungwa mmoja akamlilia Bwana kwa sauti asimpite. Angalieni kilio hicho. Mfungwa yule alikuwa na sababu za kutosha kulaumu askari, hakimu au chakula. Siku hiyo alimwelekea Mungu mwenyewe. Wana wa Israeli jangwani walinung'unika juu ya Mungu wakiwa hemani mwao. Daudi katika zaburi alilia kwa Mungu. Uchungu unaweza kuwa ule ule, lakini umepelekwa mahali tofauti.

Fanny alianza kutunga nyimbo za ibada mwaka wa 1864, akiwa na miaka zaidi ya 40. Kabla hajafa alikuwa ametunga zaidi ya 8,000. Kwa wimbo mmoja alilipwa dola moja au mbili tu, huku wachapishaji wakiuza vitabu kwa wingi. Tena, kwa sababu hawakupenda kitabu kijae jina moja, nyimbo nyingi zilitoka kwa majina ya kubuni, karibu 200. Hebu fikirieni kwaya zetu, ambapo kutotajwa jina kwenye kaseti kunaweza kumfanya mtu ahame kanisa! Yeye aliishi kwa kiasi katika mitaa ya watu maskini wa New York, akigawa alichopata na kuwahudumia walevi na wasio na kazi. Kuhusu mtu aliyeharibu macho yake, alisema kwamba kama angeweza kukutana naye, angemshukuru.

Alifariki tarehe 12 Februari 1915 huko Bridgeport, jimbo la Connecticut, akiwa na miaka 94. Kaburini waliweka jiwe dogo tu, lenye maneno yanayotoka katika habari ya mwanamke aliyempaka Yesu marhamu: kwamba amefanya alichoweza.

Wapendwa, Paulo aliwaagiza Wafilipi watende mambo yote bila manung'uniko. Hakusema bila matatizo. Matatizo ya kwaya yetu bado yapo, na sare mpya hakika itamkera mtu. Basi tunapoanza miaka mingine 25, tukubaliane hivi: jambo linaloweza kurekebishwa liletwe kwenye kamati, mhusika akiwepo, lisiloweza kurekebishwa na kamati lipelekwe kwa Bwana katika maombi. Lisibaki la kusemewa mlangoni baada ya mazoezi. Mimi katibu nitakuwa wa kwanza kujaribu. Na wale wanane, nimeanza kuwatembelea mmoja mmoja. Wawili watasimama nasi leo, katika sauti ya pili.

Mungu awabariki. Karibuni tuimbe.

Katibu wa Kwaya