Funakoshi: mwalimu wa karate aliyejifunza gizani

Kijana akishafungwa mkanda mweusi kiunoni hudhani safari imekwisha. Siku mbili tatu huutembeza mtaani, kisha mkanda hutundikwa msumarini, na yale aliyofunzwa kwa jasho la miaka humtoka moja baada ya jingine. Hapa kwetu pwani tumewaona wengi wa namna hiyo tangu sinema za ngumi zilipovuma katika miaka ya 1970. Huenda wasomaji waliopitia karate, au wenye watoto wanaojifunza, wakapenda kumjua mtu aliyewapa wanafunzi wake mikanda hiyo kwa mara ya kwanza katika historia ya mchezo huu, hali yeye mwenyewe alijifunza zama ambazo mkanda haukuwapo wala mtihani wake. Mtu huyo ni Gichin Funakoshi.

Alizaliwa mwaka 1868 katika mji wa Shuri, kisiwani Okinawa, kusini ya Japani. Alizaliwa kabla ya siku zake, akawa mtoto dhaifu, asiyetarajiwa kuishi sana, na waliomlea ni babu na bibi wa upande wa mama. Ukoo wake ulikuwa wa heshima, lakini mali ilipotea kwa ulevi wa baba. Shuleni alifanya urafiki na kijana mmoja ambaye baba yake, Anko Azato, alikuwa bingwa mkubwa wa karate. Hapo ndipo mambo yake yalipoanzia.

Wakati huo karate haikufunzwa hadharani. Ilikuwa siri ya watu wachache, na mwalimu hakuwa na darasa wala ubao wa tangazo mlangoni. Usiku ulipoingia, Funakoshi alishika taa yake akaenda kwa miguu hadi kwa Azato, na alirudi kwao karibu na alfajiri. Majirani walimwona akirejea saa hizo wakanong’onezana, kwani kijana anayerudi nyumbani alfajiri kila siku watu humdhania jambo moja tu.

Na kule uani kwa Azato alikuwa akifanya nini? Alikuwa akifanya kata. Kwa asiyejua, kata ni mfuatano wa ngumi, mateke na vizuizi uliopangwa tangu zamani, ambao mtu huutenda peke yake kana kwamba amezungukwa na maadui. Funakoshi alisimama mchangani, na mwalimu aliketi barazani kwa heshima zake zote, taa hafifu ikiwaka kando yake. Kijana alimaliza kata, mwalimu akamwamrisha airudie. Akaimaliza tena, akaambiwa tena. Miezi ilipita kwa kata ile ile, wala hakuruhusiwa kuanza nyingine mpaka mwalimu aridhike, na mwalimu huyo hakuwa mwepesi wa kuridhika. Funakoshi alikiri uzeeni kwamba mambo hayo yalimchosha, yakamuudhi, na mara nyingine akajiona amedhalilishwa.

Baadaye alifunzwa pia na bingwa wa pili, Anko Itosu, rafiki wa Azato, na huko mambo yalikuwa yale yale. Kata tatu ziitwazo Tekki zilimchukua miaka 10. Tekki, nimwarifu msomaji, hutendwa kwa kwenda upande upande tu juu ya mstari mmoja, miguu ikiwa imepanuliwa kama ya mpanda farasi. Haihitaji uwanja wala mwenza. Hata ukumbi mwembamba wa nyumba zetu za Mji wa Kale unatosha. Basi kwa kitu kidogo hivyo, miaka 10! Lakini aliyehifadhi juzuu asizidurusu anajua namna zinavyotoroka, na anajua pia kwamba anayedurusu kila siku huona leo alichokipita jana.

Alitaka kuwa daktari. Alifaulu mtihani wa kuingia chuo cha udaktari Tokyo, lakini serikali mpya ya Japani ilitaka wanaume wakate vishungi vya nywele vya kizamani, na watu wake walikishikilia kishungi kama heshima ya ukoo. Udaktari ukapotea kwa ajili ya nywele. Na ajabu ni kwamba mwaka 1888 aliingia kazi ya ualimu wa shule, na kishungi kilimbidi akikate vile vile, wazazi wake wakafadhaika vibaya. Ualimu huo aliufanya zaidi ya miaka 30, mshahara mdogo, watu wa kulisha wengi.

Miaka hiyo yote alikuwa akijifanyia mazoezi nyumbani. Kuna kisa mashuhuri kwamba kisiwa kilipopigwa na tufani, Funakoshi alipanda juu ya paa, karibu uchi, akashika mkeka mzito wa nyasi mbele yake na kuukabili upepo kwa ule msimamo wa mpanda farasi. Upepo ulimwangusha chini matopeni, akapanda tena. Mtu mzima na akili zake! Lakini alitaka kujua kama msimamo alioufanya maelfu ya mara ulikuwa msimamo kweli au pambo la macho. Mkewe naye, aliyekuwa akifuma nguo na kulima mboga ili nyumba isimame, alijifunza kwa kumtazama mumewe, hata akaweza kuwaamua majirani wanaogombana.

Mwaka 1922, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50, alipelekwa Tokyo kuionyesha karate katika maonyesho ya michezo ya Wizara ya Elimu. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alimwalika kwenye chuo chake, na Funakoshi akaamua kubaki. Mke hakukubali kumfuata, kwani aliona wajibu wake ni kuyatunza makaburi ya wazee Okinawa. Basi mzee akaishi chumba kidogo katika bweni la wanafunzi wa Kiokinawa. Mchana alifagia, akamwagilia bustani, akawa bawabu. Mpishi alimpunguzia bei ya chakula kwa kuwa alimfunza karate. Iko siku aliweka rehani kofia yake kuukuu na vazi lake la kufumwa Okinawa, akapewa fedha nyingi kuliko thamani yake. Baadaye aligundua kwamba ndugu wa karani wa duka lile alikuwa mwanafunzi wake.

Aprili 1924 ndipo alipotoa mikanda myeusi ya kwanza, kwa watu 7. Mpango wa madaraja aliuazima kwa Kano, na daraja la kwanza la mkanda huo, kwa Kijapani, jina lake lina maana ya daraja la mwanzo tu. Wengi waufungao hawalijui hili, au wanalijua hawalitaki.

Hapo pia ndipo ulipozuka mvutano ambao haukumwacha mpaka kufa. Wanafunzi wa vyuo vikuu walichoka kupigana na hewa. Walitaka kupambana mtu na mtu, washinde, washindwe. Katika Chuo Kikuu cha Tokyo walianza hata kuvaa ngao za kifuani na usoni ili wapigane kwelikweli, na Funakoshi akaacha kuwafunza. Yeye alichagua kata 15 akaona zinamtosha mtu maisha yake yote. Kwa maoni yangu vijana wale hawakukosa kila kitu, maana asiyepata kupigwa hata siku moja hajui ngumi ni nini. Lakini mzee naye aliona mbali, kwani mwenza leo yupo na kesho hayupo.

Yeye mwenyewe alibaki bila wenza wake. Mwaka 1945 chuo chake, Shotokan, kiliteketezwa kwa mabomu, mwanawe Gigo aliyetarajiwa kumrithi akafa kwa kifua kikuu, na Okinawa ikasagwa na vita. Mkewe alinusurika, wakakutana kisiwani Kyushu wakiwa wakimbizi, na mwaka 1947 bibi huyo akafariki. Mzee akarudi Tokyo akaendelea na kata zake hali umri umepita miaka 80.

Alifariki tarehe 26 Aprili 1957. Oktoba ya mwaka huo huo, wanafunzi wake walifanya mashindano ya kwanza ya taifa ya Japani. Agosti 2021, katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, karate iliposhindaniwa huko kwa mara ya kwanza, medali ya dhahabu ya kata kwa wanaume ilichukuliwa na Ryo Kiyuna, mtu wa Okinawa, wa mtindo mwingine si ule wa Shotokan. Kwa sababu ya maradhi ya korona ukumbi haukuwa na watazamaji, naye alisimama peke yake mkekani.