Atiman wa Karema na Rafiki Yangu wa Kijiweni



Nina rafiki hapa Tabora, tulipata Kipaimara siku moja. Sasa anatumia unga. Nilipomfuata mara ya kwanza nilimpa hotuba nzima juu ya akili na utashi, utadhani niko kwenye mtihani wa Falsafa. Aliniangalia tu, akainuka, akaenda zake. Tangu hapo nimekuwa nikimfikiria sana Adriano Atiman.

Atiman alizaliwa miaka ya 1860 karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto alikamatwa, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa utumwani. Mwaka 1876, huko Algeria, Wamisionari wa Afrika, hawa tunaowaita White Fathers, wakamkomboa kwa fedha.

Hapo ndipo mimi nilipokosea. Nilidhani mtu anakombolewa kwa siku moja. Kumbe fedha ililipwa siku moja, lakini malezi yalichukua zaidi ya miaka kumi! Walimlea, wakamfundisha, akabatizwa, na Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusomea udaktari.

Mwaka 1888 Atiman akaja pwani yetu, akaelekea bara na msafara kwenda Ziwa Tanganyika. Hebu fikiria: watumwa walikuwa wanateremshwa kutoka bara kwenda pwani kwa njia ya misafara, ile ya kupitia Tabora. Yeye aliyewahi kuuzwa akasafiri kwenda bara, tena kuwatibu watu.

Alifika Karema mwaka 1889 na hakuondoka tena mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Alikuwa daktari na katekista wa watu walewale. Alioa, na mwanae Yosefu akapata upadre mwaka 1923.

Vijana, daktari hamgombezi mgonjwa wa malaria kwa sababu ameumwa na mbu. Anamuuliza anaumwa wapi, anasikiliza, anatibu, na kesho anarudi kumwona. Mimi nilikwenda kwa rafiki yangu kama hakimu.

Kwa hiyo juzi nilimfuata tena. Safari hii sikumfuata kijiweni mbele za watu, na nilisubiri muda ambao akili yake imetulia. Nilimuuliza alianzaje, na arosto ikimbana anajisikiaje. Sikumkatisha. Nilimwambia na ukweli pia: pesa sitampa, ila tutakula pamoja, na hospitali nitamsindikiza. Akaniomba nisimwambie mama yake. Nikamjibu kwamba tutamwambia pamoja, mimi na yeye. Alinyamaza muda mrefu, halafu akalia.

Sitaki kuwadanganya: bado hajaacha. Jumatatu tumepanga kwenda hospitali. Anaweza asitokee. Asipotokea, nitamfuata Jumanne.

Kama na wewe unaye rafiki wa hivyo, usimwite teja. Mwite kwa jina lake la ubatizo, halafu kaa naye.

Tusali: Ee Mungu, uliyemtoa Adriano utumwani ukamfanya mganga wa wengine, uwafungue rafiki zetu waliofungwa na dawa za kulevya. Na sisi utupe uvumilivu wa kutembea nao hadi mwisho wa njia. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.