James Madison

James Madison (16 Machi 1751 – 28 Juni 1836) alikuwa mwanasiasa wa Marekani na Rais wa nne wa nchi hiyo kuanzia mwaka 1809 hadi 1817. Anajulikana hasa kwa mchango wake katika kuandikwa kwa Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 na marekebisho yake kumi ya kwanza. Pamoja na Thomas Jefferson alianzisha pia mojawapo ya vyama viwili vya kwanza vya siasa nchini humo. Jambo hilo huwashangaza wasomaji wengi, kwa sababu miaka michache tu kabla yake alikuwa ameandika makala mashuhuri kuhusu hatari ya makundi katika siasa.

Maisha ya awali

Alizaliwa Port Conway, Virginia, wakati ambapo Virginia ilikuwa bado koloni la Uingereza. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya kumi na wawili. Baba yake, aliyeitwa pia James Madison, alikuwa mkulima tajiri katika wilaya ya Orange, na shamba lake, ambalo baadaye liliitwa Montpelier, lililimwa na watumwa. Mwaka 1769 kijana Madison alikwenda kusoma katika Chuo cha New Jersey, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Princeton, akahitimu mwaka 1771. Alikuwa mfupi, kiasi cha sentimita 163, mwenye afya dhaifu na sauti ndogo. Mara nyingi waliomsikiliza mkutanoni walilazimika kumwomba apaze sauti.

Mwaka 1776 alikuwa mjumbe wa mkutano uliotunga katiba ya Virginia. Rasimu ya tamko la haki ilisema kwamba watu wa dini mbalimbali wavumiliwe. Madison hakuridhika na neno hilo, kwani anayevumiliwa anaweza kukataliwa kesho, akafanikiwa kuliweka badala yake tamko kwamba kila mtu ana haki ya kufuata dini yake. Mwaka uliofuata alishindwa uchaguzi kwa sababu alikataa kuwanywesha wapiga kura pombe, takrima iliyokuwa desturi ya Virginia siku zile.

Kutungwa kwa Katiba

Kuanzia 1780 alikuwa mbunge katika bunge la pamoja la majimbo. Bunge hilo halikuwa na mamlaka ya kutoza kodi: liliomba fedha kwa majimbo, nayo yalitoa yalichotaka. Madison aliona kwamba muungano wa namna hiyo usingedumu. Katika mkutano wa Philadelphia mwaka 1787 ujumbe wa Virginia ulileta mpango ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa kazi yake, nao ukawa msingi wa majadiliano. Hakupata yote aliyotaka. Alipinga kila jimbo kuwa na idadi sawa ya wajumbe katika Seneti, akashindwa. Alitaka serikali kuu iweze kufuta sheria za majimbo, akashindwa tena.

Ili Katiba ikubaliwe na majimbo, Madison, Alexander Hamilton na John Jay waliandika makala 85 magazetini wakitumia jina moja la bandia. Makala ya kumi, ya Novemba 1787, ni ya Madison, nayo ndiyo inayosomwa zaidi hadi leo. Hoja yake ni kwamba watu wakiwa huru watagawanyika, hasa kwa sababu wengine wana mali na wengine hawana, wengine wanadai na wengine wanadaiwa. Kuyafuta makundi ni kuua uhuru wenyewe. Dawa yake ni nchi kubwa: makundi yakiwa mengi na yakiishi mbalimbali, ni vigumu kundi moja kupata wingi na kuwaonea wengine.

Hapa mwanafunzi awe mwangalifu na neno Wafederali. Mwaka 1787 na 1788 lilimaanisha watu wote waliounga mkono Katiba mpya, na Madison alikuwa mmoja wao. Miaka michache baadaye lilikuwa jina la chama cha Hamilton, na Madison alikuwa mpinzani wake mkubwa.

Mwaka 1789 alichaguliwa katika Baraza la Wawakilishi baada ya kumshinda rafiki yake James Monroe. Wakati wa kampeni aliahidi kuongeza haki za raia katika Katiba, naye alitimiza ahadi. Kati ya marekebisho yaliyopelekwa kwa majimbo, kumi yalipitishwa kufikia Desemba 1791.

Kuanzishwa kwa vyama

Vyama vya kwanza vya Marekani havikuanzishwa kwa mkutano wala kwa kuandikishwa. Vilitokana na ugomvi kuhusu madeni. Hamilton, akiwa Waziri wa Fedha, alipendekeza Januari 1790 kwamba serikali kuu ilipe madeni yote ya vita vya uhuru, pamoja na ya majimbo, kwa thamani kamili. Askari wengi waliolipwa kwa hati za madeni walikuwa wameshaziuza kwa bei ya kutupa kutokana na shida, na walanguzi wa mijini ndio waliozishika. Madison alitaka askari wa awali wapate sehemu yao. Hamilton alijibu kwamba serikali ikianza kuchagua nani alipwe, hakuna atakayeikopesha tena. Kila upande ulikuwa na hoja, na ndiyo sababu jambo hili linafaa kujadiliwa darasani. Pendekezo la Madison liliangushwa kwa kura 36 dhidi ya 13.

Kuhusu madeni ya majimbo walipatana. Katika chakula cha jioni nyumbani kwa Jefferson huko New York, Madison alikubali kulegeza upinzani wake, na mji mkuu ukapelekwa kusini, kando ya mto Potomac. Lakini Desemba 1790 Hamilton alileta mpango wa benki ya taifa, na hapo mapatano yakaisha. Madison alisema hakuna kifungu cha Katiba kinacholipa Bunge mamlaka ya kuanzisha benki; Hamilton alisema mamlaka hayo yamo ndani ya mamlaka mengine. Rais George Washington alisaini sheria hiyo. Kura bungeni zilionyesha mgawanyiko wa kaskazini na kusini.

Upinzani ulihitaji sauti nje ya bunge. Gazeti lililomsifu Hamilton lilikuwapo tayari, kwa hiyo Madison na Jefferson walimshawishi mshairi Philip Freneau, aliyesoma na Madison chuoni, aanzishe jingine. Jefferson, ambaye alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alimpa Freneau kazi ya mkalimani katika wizara yake ili apate riziki. Kwa maneno mengine, waziri alimlipa mshahara mtu aliyeishambulia serikali ambayo waziri huyo alimo. Madison mwenyewe aliliandikia gazeti hilo makala bila kutaja jina lake. Ndani yake alieleza kwamba vyama haviepukiki, lakini chake aliona kuwa ni cha wananchi wengi dhidi ya wachache wasiowaamini watu. Wafederali nao walijiona wao ndio taifa, na wapinzani ni wachochezi. Hakuna upande uliofikiri kwamba vyama viwili vingeshindana daima.

Wafuasi wa Madison na Jefferson walijiita Warepublikan. Hawa si chama cha Republican cha leo, kilichoanzishwa mwaka 1854. Vita vya Uingereza na Ufaransa vilizidisha uhasama, kwa kuwa Warepublikan waliipenda Ufaransa na Wafederali waliogopa mapinduzi yake. Mwaka 1798 Wafederali walipitisha sheria ya kuwafunga waliowakashifu viongozi wa serikali, na wahariri kadhaa wa Warepublikan walifungwa. Madison aliandika kwa siri azimio la bunge la Virginia la kuipinga. Katika uchaguzi wa mwaka 1800 Warepublikan walishinda, Jefferson akawa Rais mwaka 1801, na madaraka yakapita kutoka chama kimoja hadi kingine bila vita.

Uwaziri na urais

Madison alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka minane. Katika kipindi hicho, mwaka 1803, Marekani iliinunua Louisiana kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15. Alichaguliwa kuwa Rais mwaka 1808 na tena mwaka 1812.

Manowari za Uingereza zilikuwa zikiwakamata mabaharia katika meli za Marekani na kuwalazimisha kuwatumikia. Juni 1812 Madison aliomba tangazo la vita. Hakuna mbunge hata mmoja wa Wafederali aliyelipigia kura. Nchi haikuwa tayari: mkataba wa benki ya taifa ulikuwa umekwisha mwaka 1811 bila kuongezwa, na serikali ilihangaika kutafuta mikopo. Tarehe 24 Agosti 1814 Waingereza waliingia Washington na kuchoma Ikulu na jengo la Bunge.

Wafederali wa New England walikutana Hartford wakadai Katiba ibadilishwe. Wajumbe wao walipofika Washington, habari za amani na za ushindi wa New Orleans zilikuwa zimeshafika, wakachekwa. Chama chao hakikupona tena. Lakini mwaka 1816 Madison alisaini sheria ya kuanzisha benki ya pili ya taifa, kitu kilekile alichokipinga miaka 25 kabla yake. Alieleza kwamba Bunge, mahakama na wananchi walikuwa wameikubali benki kwa muda mrefu, na kwamba suala la Katiba lilikuwa limekwisha.

Montpelier na utumwa

Alimwoa Dolley Payne Todd, mjane, mwaka 1794. Hawakupata watoto pamoja. Baada ya urais alirudi Montpelier, akapanga kumbukumbu alizoandika kila siku katika mkutano wa 1787. Zilichapishwa mwaka 1840, baada ya kifo chake.

Madison alikiri kwamba utumwa ni uovu, lakini aliishi kwa jasho la watumwa maisha yake yote. Mwaka 1783 alimwacha mtumwa wake Billey huko Philadelphia, akiona kwamba si haki kumwadhibu kwa kutamani uhuru uleule ambao Wamarekani waliupigania. Hata hivyo hakuwaweka huru wengine. Mwaka 1833 alikuwa rais wa chama kilichowapeleka Waafrika wa Marekani kuishi Liberia. Wosia wake ulitaka watumwa wasiuzwe bila ridhaa yao, lakini Dolley, akiwa na madeni mengi, aliwauza.

Mmoja wao alikuwa Paul Jennings, aliyemhudumia Madison Ikulu akiwa mvulana na aliyekuwapo alipokata roho. Dolley alimuuza mwaka 1846. Mwaka uliofuata seneta Daniel Webster alimnunua, naye akalipa gharama hiyo kwa kufanya kazi hadi akawa huru. Kitabu chake kidogo kuhusu Madison kilitoka mwaka 1865, na huhesabiwa kuwa cha kwanza kuandikwa na mtu aliyefanya kazi ndani ya Ikulu ya Marekani.